Mbung'o Anajikingaje na Ugonjwa Anaoueneza?



Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimama chini ya mti kwenye mkutano wa wafugaji, nikaeleza ugonjwa wa nagana ambao wengi wenu mnauita ndorobo. Nilisema kwamba mbung'o ananyonya damu ya mnyama mgonjwa, anachukua vimelea, kisha anamuuma mnyama mzima na kumwachia ugonjwa. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa ameegemea fimbo yake akaniuliza, "Mwanangu, huyo mbung'o ananyonya damu yenye ugonjwa tangu kuzaliwa kwake. Mbona yeye hafi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Mnaniita daktari, lakini mimi ni afisa mifugo mwenye cheti, na swali lile halikuwamo kwenye daftari langu la chuoni. Nilikaa nalo muda mrefu. Nilipokuja kupata jibu niligundua kwamba lingenisaidia mapema zaidi, kwa kuwa kuna ushauri nilikuwa nimeutoa kimakosa katika boma moja. Nitaueleza mbele. Kwanza tumjibu mzee.

Nagana kwa ufupi

Nagana husababishwa na vimelea vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo huogelea ndani ya damu. Kwa ng'ombe wetu viko vya aina tatu muhimu. Wataalamu huviita vivaksi, kongolensi na brusei. Mnyama aliyeambukizwa hupata homa inayopanda na kushuka, fizi na kope za ndani huwa nyeupe kwa kupungukiwa damu, matoki huvimba, machozi hutoka, na mnyama hukonda ingawa anaendelea kula. Ng'ombe wa maziwa hupunguza maziwa, mwenye mimba huweza kuitupa. Vivaksi ikija kwa ukali, wengine hutokwa damu masikioni au puani. Asipotibiwa, wengi hufa.

Anayeeneza zaidi ni mbung'o, dume na jike, kwa kuwa wote wawili hunyonya damu na hawana chakula kingine. Hapo ndipo swali la mzee linapokuwa na uzito: mdudu anayeishi kwa damu, na damu hiyo mara nyingi ina vimelea, anaishije?

Mdudu ana kinga yake

Ng'ombe wako ana kinga ya mwili. Akiugua ugonjwa fulani akapona, au akichanjwa, mwili wake hutengeneza askari wanaoufahamu ugonjwa ule, na ukirudi wanautambua. Askari hao tunawaita kingamwili. Mdudu hana kingamwili za aina hiyo. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba mdudu hana kinga yoyote ya maana, na kwamba anaishi siku chache tu kisha anakufa, basi.

Sivyo. Mdudu ana ulinzi wa ngazi tatu, na anaweza kuupanga kama mfugaji anavyopanga boma.

Ngazi ya kwanza ni ua. Ngozi ya mdudu ni ngumu kama ganda, na vijidudu vingi haviwezi kuipenya. Hata ndani ya utumbo wake kuna utando unaozuia chakula kisigusane moja kwa moja na nyama ya utumbo.

Ngazi ya pili ni walinzi. Damu ya mdudu haiko ndani ya mishipa kama ya ng'ombe. Inazunguka wazi ndani ya mwili na kwa kawaida si nyekundu. Ndani yake kuna seli zinazomeza vijidudu. Kikiingia kitu kikubwa kisichomezeka, kwa mfano yai la mdudu mwingine, seli nyingi hukizunguka na kukifunika, kisha kifuniko hicho hugeuka cheusi na kuwa kigumu. Aliyemo ndani hukosa hewa na kufa. Ukimjeruhi panzi ukaona kidonda chake kinakuwa cheusi, unauona ulinzi huo ukifanya kazi.

Ngazi ya tatu ni dawa ya mwilini. Mdudu akitambua kwamba kuna mgeni, mwili wake hutengeneza protini ndogo zinazotoboa na kuua bakteria na vijidudu vingine. Huzitengeneza kwa saa chache na kuzimwaga katika damu yake. Uchunguzi wa jinsi mdudu anavyoamsha ulinzi huo ulifanywa kwa nzi wadogo wa matunda, na mwaka 2011 Mfaransa Jules Hoffmann alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi hiyo. Kinga ya nzi iliwasaidia wataalamu kuielewa kinga ya binadamu.

Safari ngumu ya kimelea

Sasa tumrudie mbung'o. Mwaka 1909 daktari Mjerumani, Friedrich Kleine, akifanya kazi katika nchi iliyoitwa wakati huo Afrika Mashariki ya Kijerumani, alionyesha kwamba vimelea havikai tu mdomoni mwa mbung'o kama tope kwenye kisu. Hukua na kubadilika ndani yake kwa siku nyingi kabla ya kuweza kumwambukiza mnyama. Siku hizo zote, kimelea kinapigana na kinga ya mbung'o.

Fuata safari ya brusei. Mbung'o akinyonya damu ya ng'ombe mgonjwa, vimelea huingia tumboni pamoja na damu. Huko vinakuta hali nyingine kabisa: vimeng'enya vinavyosaga damu, na dawa za mwilini nilizozitaja. Vingi hufa katika siku za kwanza. Vinavyobaki vinatakiwa kuuvuka ule utando wa utumbo, vizaliane upande wa pili, kisha vianze kurudi mbele hadi kwenye tezi za mate. Njia ni nyembamba na wengi hupotea. Safari nzima huchukua wiki tatu au zaidi. Kongolensi nayo hupitia tumboni, lakini huishia kwenye mdomo unaonyonyea, na huhitaji kama wiki mbili hadi tatu.

Matokeo yake ni haya: mbung'o wengi wanaonyonya damu yenye vimelea hawaambukizwi kabisa. Kwa brusei, ukiwakamata mbung'o 100 porini, mara nyingi hupati hata mmoja mwenye vimelea vilivyokomaa kwenye tezi za mate.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mzee ni hili: mbung'o hafi kwa sababu mara nyingi anaushinda ugonjwa kabla haujamkalia. Jibu la pili ni kwamba hata yule mchache aliyeshindwa, vimelea havimdhuru sana. Vinamtumia kama gari, na gari likiharibika hakuna atakayefika. Mbung'o huyo hubaki na vimelea maisha yake yote, na kila anaponyonya anaweza kuambukiza.

Maziwa ya mama mbung'o

Hapa kuna jambo ambalo mfugaji ataliona haraka kuliko mtu wa mjini.

Mbung'o hatagi mayai mengi kama nzi wengine. Jike hubeba mtoto mmoja tumboni, humlisha humo humo kwa maziwa yanayotoka katika tezi yake, na humzaa akiwa funza mkubwa tayari. Huzaa mmoja kila baada ya siku 9 au 10 hivi. Funza huyo hujichimbia kwenye udongo laini wenye kivuli, hujifunga ndani ya ganda, na baada ya kama mwezi mmoja hutoka akiwa mbung'o kamili.

Katika maziwa hayo mama humpa mtoto bakteria rafiki wanaoishi tumboni mwake. Wataalamu walipowakuza mbung'o bila bakteria hao, waliona kwamba kinga yao ilikuwa dhaifu: utando wa utumbo haukujengeka vizuri, na vimelea viliwaingia kwa urahisi hata walipokuwa wakubwa. Yaani mbung'o aliyekosa kitu kilichomo katika maziwa ya mama anakua bila kinga kamili.

Mnaujua mfano huo zizini. Ndama asiyenyonya dang'a katika saa za mwanzo huharisha, hudumaa na kufa kwa magonjwa ambayo ndugu zake huyashinda. Njia ni tofauti, kwa kuwa dang'a humpa ndama kingamwili za mama yake, ambapo mama mbung'o humpa mtoto bakteria rafiki. Lakini funzo ni moja: kinga huanza kwa maziwa ya mama. Usikamue dang'a yote ukamwacha ndama.

Ua linapokuwa wazi

Kama kinga ya mbung'o ni nzuri hivyo, kwa nini ng'ombe wetu wanaendelea kufa? Ni kwa sababu ua la mbung'o lina nyakati mbili linapokuwa wazi.

Wakati wa kwanza ni mlo wa kwanza. Mbung'o anapotoka ardhini, utando wa utumbo wake haujakamilika na dawa zake za mwilini bado ni chache. Ana njaa na hutafuta damu katika siku zake za mwanzo. Kama damu ya kwanza anayoinywa inatoka kwa mnyama mwenye vimelea, uwezekano wa kuambukizwa ni mkubwa kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake. Kama damu ya kwanza ni safi, utando hujengeka, na mara nyingi vimelea vikija baadaye vinakuta mlango umefungwa.

Wakati wa pili ni njaa. Mbung'o mkubwa aliyekaa siku nyingi bila kula hudhoofika, na kinga yake hudhoofika pamoja naye. Akija kunyonya damu yenye vimelea akiwa katika hali hiyo, huambukizwa kwa urahisi zaidi. Hilo nalo mnalijua: ng'ombe aliyekondeshwa na kiangazi hushindwa na ugonjwa ambao wakati wa masika angeubeba bila wewe kujua.

Tena kuna mjanja mmoja, vivaksi. Huyu haingii tumboni kabisa. Hubaki mdomoni mwa mbung'o, huzaliana hapo hapo, na huwa tayari kuambukiza kwa wiki moja hadi mbili. Kwa kuwa anaikwepa kinga ya tumboni, ndiyo maana mbung'o wenye vivaksi huwa wengi kuliko wenye brusei. Katika baadhi ya sehemu hufika 10 kati ya 100 au zaidi. Vivaksi pia huweza kuhamishwa na nzi wengine wanaouma, kama pange na nzi wa zizini, wanapomwacha mnyama mmoja katikati ya mlo na kumrukia mwingine. Kwa hiyo inaweza kuenea hata mahali pasipo na mbung'o.

Usidanganywe na uchache wa mbung'o walioambukizwa. Chukua mfano: una ng'ombe 40, na kila mmoja anaumwa mara 5 kwa siku anapopita msituni. Hayo ni maumo 200. Kama mbung'o 2 tu kati ya 100 wana vimelea, ni maumo 4 ya hatari kila siku, na kwa mwezi ni 120. Si kila uumo huambukiza, lakini huhitaji mengi.

Kosa langu

Sasa nieleze kosa langu. Kiangazi kimoja familia moja iliniita. Walikuwa na ng'ombe watatu wagonjwa, wamekonda, fizi nyeupe. Dawa haikuwepo karibu. Ilibidi isubiriwe siku kadhaa. Mama wa boma akaniuliza wafanyeje na wagonjwa kwa siku hizo, maana kutembea mbali hawawezi. Nikamwambia, "Mama, wasitembezwe juani. Wapeleke kwenye kivuli kule korongoni, karibu na maji, wapumzike."

Ulikuwa ushauri wa huruma. Lakini kivuli cha korongoni ni kichaka kizito chenye udongo laini. Hapo ndipo majike ya mbung'o huzaa, na hapo ndipo mbung'o wachanga hutokea ardhini wakiwa na njaa. Nilikuwa nimewapeleka wagonjwa, damu yao imejaa vimelea, hadi mlangoni pa nyumba ambamo mbung'o walikuwa wanakula mlo wao wa kwanza. Kundi zima lilikuwa linapita hapo hapo kwenda kunywa maji.

Familia ile ilipoteza ng'ombe 7 kabla ya mvua. Huenda wengine wangeugua hata bila ushauri wangu, kwa kuwa msitu ule ulikuwa na mbung'o tangu zamani. Lakini siku nilipoelewa habari ya mlo wa kwanza nilirudi kwa yule mama nikamwambia nilikosea. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi waambie na wengine." Ndiyo sababu ya kipeperushi hiki.

Mambo ya kufanya zizini na malishoni

1. Mgonjwa apumzike nyumbani. Mtengenezee kivuli cha matawi au turubai karibu na boma, mahali palipo wazi, na mletee maji na majani. Usimwache kwenye kichaka cha korongoni wala pembezoni mwa msitu.

2. Tibu kabla ya kuhama. Kama mnajiandaa kupita au kuhamia eneo lenye mbung'o, wakagueni ng'ombe kwanza. Angalia fizi, matoki na hali ya mwili. Mgonjwa mmoja anayeingia na kundi ni kisima ambacho mbung'o wachanga watakunywa.

3. Toa kipimo kamili cha dawa. Dawa ya kutibu aina ya diminazini hutolewa miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa ng'ombe. Pakiti ndogo yenye gramu 1.05 za diminazini inatosha kilo 300 tu. Ukiigawa kwa ng'ombe watatu wa kilo 250 kila mmoja, kila ng'ombe amepata chini ya nusu ya kipimo. Ataonekana ana nafuu, lakini vimelea vilivyobaki ni vile vilivyoistahimili dawa. Mbung'o atavinyonya hivyo na kuvipeleka kwa ng'ombe wa jirani, na siku ile dawa haitafanya kazi tena. Pima uzito kwa mkanda; usikisie.

4. Usimchome punda, ngamia wala mbwa diminazini kwa mazoea ya ng'ombe. Inaweza kuwadhuru au kuwaua. Mwone kwanza afisa mifugo.

5. Sindano ya kukinga si chanjo. Wengi mnaita dawa ya isometamidiamu "chanjo ya ndorobo". Ni dawa inayokaa mwilini na kuzuia vimelea kwa kama miezi 2 hadi 4, kisha huisha. Chanjo ya nagana haipo, kwa sababu kimelea kikiwa ndani ya damu ya ng'ombe hubadili vazi lake mara kwa mara. Kingamwili zikishalijua vazi la kwanza, kimelea tayari kimevaa jingine. Ndiyo maana homa hupanda na kushuka. Andika tarehe ya sindano, na ufuate maelekezo ya siku za kusubiri kabla ya kutumia nyama na maziwa.

6. Chagua dawa sahihi ya kuogesha. Si kila dawa ya kupe huua mbung'o. Amitrazi ni dawa ya kupe, haimuui mbung'o. Dawa za jamii ya pairethroidi, kama deltamethrini, huua wote wawili. Soma kibandiko au muulize muuzaji akuonyeshe. Na kumbuka kwamba kupe si mdudu wa jamii ya mbung'o: kupe mkubwa ana miguu 8, mbung'o ana 6.

7. Usisahau miguu na tumbo. Mbung'o hupenda kuuma ng'ombe kwenye miguu na chini ya tumbo, na huwaendea zaidi ng'ombe wakubwa kuliko ndama. Kama dawa ni kidogo na lengo ni mbung'o, nyunyizia vizuri miguu na tumbo la ng'ombe wakubwa kuliko kurashia migongo ya wote.

8. Tunza mitego na vyambo. Vile vitambaa vya bluu na vyeusi vinavyowekwa porini vimetiwa dawa. Mbung'o huvutwa na rangi, hutua na kufa. Akinamama na vijana, tafadhali msivichukue kwa kushonea au kufungia mizigo. Vina sumu, na kila kinachoondolewa hufungua njia.

Kwa nini kumuua mbung'o mmoja kuna faida

Mbung'o ana kinga nzuri, lakini uzazi wake ni wa polepole. Nzi wa kawaida hutaga mamia ya mayai. Mbung'o huzaa mtoto mmoja kwa siku 9 au 10, na majike mengi hayafiki miezi mingi. Kwa hiyo jike mmoja akifa kwenye ng'ombe uliyemnyunyizia dawa, ni hasara kubwa kwa ukoo wake.

Ushahidi upo Unguja. Miaka ya 1990 walianza kwa kuwapunguza mbung'o kwa dawa kwenye mifugo na vitambaa. Kisha waliachia madume waliofanywa tasa, waliokuzwa Tanga. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akipandwa na dume tasa hazai. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o tena. Bara ni kubwa na mapori yameungana, kwa hiyo kazi ni ngumu zaidi, lakini udhaifu wa mbung'o ni ule ule.

Nyuki na nzige nao wana kinga

Kwa familia zenye mizinga: nyuki hujikinga kwa pamoja. Hukusanya utomvu wa miti na kuupaka kwenye nyufa na kuta za mzinga. Utomvu huo hupunguza bakteria na ukungu. Nyuki wasafi humtambua funza mgonjwa ndani ya chumba chake, hukifungua na kumtupa nje. Hata hupandisha joto la masega kwa kutikisa misuli yao ugonjwa wa ukungu unapoingia, kama mwili wako unavyopandisha homa. Unaporina asali, usikwangue ile gundi yote, na ukiona funza waliokufa mbele ya mzinga usikimbilie kudhani nyuki wameshindwa. Huenda wanafagia.

Nzige naye akiingiwa na kuvu hukaa juani muda mrefu ili mwili wake upate joto ambalo kuvu haipendi. Kuna dawa ya nzige inayotengenezwa kwa kuvu iitwayo metarizi, na mwaka 2009 ilitumika hapa Tanzania dhidi ya nzige wekundu, pamoja na eneo la Katavi. Dawa hiyo haiui papo hapo kama sumu. Huchukua siku kadhaa, na zaidi nzige wanapoota jua. Ukiwaona bado wanaruka siku ya pili, si kwamba umedanganywa.

Onyo kuhusu malale

Aina fulani ya brusei huwaingia watu na kuleta ugonjwa wa malale. Ng'ombe anaweza kuibeba bila kuonekana mgonjwa sana. Mchungaji aliyeumwa na mbung'o, akapata uvimbe wenye maumivu mahali alipoumwa, homa isiyoisha, kichwa kuuma na matoki, apelekwe hospitali mapema na amweleze mganga kwamba ametoka eneo lenye mbung'o. Vipimo vya malaria vikisema hana malaria, msirudi nyumbani mkanyamaza.

Kumbuka

• Mbung'o wengi hushinda vimelea. Wachache wanaoshindwa wanatosha kumaliza kundi.
• Kinga ya mbung'o ni dhaifu zaidi anapokula mara ya kwanza na anapokuwa na njaa.
• Mnyama mgonjwa kichakani ndiye anayewaambukiza mbung'o wachanga. Mweke nyumbani, mtibu kwa kipimo kamili.
• Dawa ya kuogesha iwe inayoua mbung'o, na ifike miguuni na tumboni.
• Ndama apate dang'a mapema.

Ukiona dalili za nagana, mwite afisa mifugo wa kata yako kabla ya kununua dawa mnadani. Na ukiwa na swali, hata kama watu watacheka, liulize. Yule mzee aliuliza moja, nami bado ninamshukuru.